Gari Lililolala Nje

Verlin alimwaga rangi ya epoksi mwezi wa Machi,
kabla jua la Mesa halijaanza kuuma:
kijivu cha njiwa, na chembe za samawati
akizirusha kwa mkono, kama mtu alishaye kuku.
Siku ya kwanza, marufuku hata kuchungulia.
Siku ya tatu, soksi tu.
Siku ya saba, akasema, gari litaingia.

Ya saba ikapita. Ikapita ya ishirini.
Ikafika Julai, lami ikalainika barabarani.
Gereji iking'aa hadi naona meno yangu sakafuni,
na gari letu la kahawia, mwenye chumba,
limelala nje, uso juani,
dashibodi imepasuka kama kisigino cha mkulima.

"Tairi likitoka safari lina jasho," alinieleza.
"Ukiliegesha likichemka, jasho linashuka kwenye rangi,
na jasho la mpira halina taulo."
"Sasa chumba hiki tumemjengea nani?"
Akachukua ufagio.

Siku ya dhoruba alikuwa kwa daktari wa meno.
Mimi natoka Apache Junction, maili ishirini za moto,
nyuma yangu ukuta wa vumbi, mrefu kuliko minara,
kisha mawe ya barafu, makubwa kama ndimu.
Tavita, jirani, kasimama barazani, sufuria kichwani,
anapiga kelele: "Ingiza gari, Corinne! Ingiza!"
Nikabonyeza kitufe.
Mlango ukapanda polepole, kama unaomba ruhusa,
nikaingia kwangu
kwa mwendo wa mwizi.

Asubuhi tukarudisha gari nyuma.
Madoa manne, rangi ya chai iliyosahauliwa,
na pale gurudumu la mbele, upande wa kushoto,
epoksi imebanduka
kama utando wa maziwa ukifuata kijiko.

Nilingoja radi ya pili.
Verlin akapiga magoti, shavu bado limevimba,
akagusa, akanusa kidole, akasema:
"Leta maji ya uvuguvugu."

Nikaleta na sabuni ile ya kukata grisi, yenye harufu ya chungwa.
Tukamwaga, tukangoja dakika kumi bila kuongea.
Brashi ya nailoni, duara ndogo ndogo, kitambaa, suuza.
Tena.
Nilipoishika sufi ya chuma alinidaka kifundo cha mkono:
"Hiyo itaondoa doa pamoja na uso wake."
Tena.
Doa moja likaondoka, mawili yakapauka,
la nne likatutazama tu.
"Hilo si uchafu tena," akasema, akijinyoosha mgongo.
"Limeshaingia ukoo. Limekuwa rangi."

Watu husema kinga ni bora kuliko tiba;
hawasemi kinga nayo inaweza kuugua.
Sikulitamka hilo. Nilikwenda ushorobani,
nikalikunja zulia la zamani, lile la maua,
nikaleta na mkasi.
Alinitazama nikikata. Kisha akaja kunishikia ncha.

Vipande vinne, kila kimoja upana wa tairi na kiganja zaidi.
Sasa gari likirudi linasubiri kwanza kivulini,
nusu saa, wakati mwingine zaidi;
linaoshwa miguu kwa mpira wa bustani,
linafutwa,
ndipo linakaribishwa, taratibu, juu ya maua.
Penye kovu atapaka upya majira ya baridi. Anasema.

Jana usiku nilizinduka, upande wake ni mtupu.
Nikamkuta gerejini, taa imezimwa,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na bampa.
Injini inalia tik, inanyamaza, tik,
chuma kikijirudi.

"Homa imeshuka?" nikauliza.

Akaweka mgongo wa mkono juu ya tairi
vile alivyokuwa akimwekea Denise wetu kipajini,
miaka ile ya surua.

"Bado kidogo," akasema. "Nenda kalale."